Unatumia dawa ya sonona na umepata fangasi: hatua za kufuata kabla ya kumeza kidonge

Dawa ya fangasi hununuliwa dukani kwa dakika tano. Dawa ya sonona hutolewa kliniki baada ya maswali mengi, ikaandikwa kwenye daftari ambalo mara nyingi hubaki kabatini. Hivyo dawa hizi mbili hukutana ndani ya mwili wa mtu mmoja bila mtaalamu yeyote kuziona pamoja. Muuza dawa hajui cha kliniki, daktari wa kliniki hajui cha dukani. Anayejua vyote ni mgonjwa mwenyewe, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa ndugu anayemkumbusha kumeza dawa.

Si kila dawa ya fangasi inagombana na kila dawa ya sonona, na krimu unayopaka kati ya vidole vya miguu haikuhusu katika suala hili. Lakini zipo jozi chache ambazo dawa ya fangasi hulizuia ini lisiivunje dawa ya sonona. Dawa hiyo hulundikana kwenye damu siku baada ya siku, hadi mtu anayemeza dozi yake ileile ya kila siku anaanza kuonyesha dalili za mtu aliyezidisha. Jozi hizo zinajulikana, na karibu zote zina njia mbadala.

Hatua ya 1: Jua jina la dawa yako na kwa nini ulipewa

Katika hospitali za umma za Afrika Mashariki, dawa za sonona zinazopatikana zaidi ni amitriptilini na fluoksetini. Hospitali kubwa na maduka ya mjini huwa pia na sertralini, sitalopramu, esitalopramu, paroksetini, venlafaksini, mirtazapini na imipramini. Kama kwenye boksi unaona jina la kibiashara tu, mfano Prozac, Zoloft au Cipralex, tafuta maandishi madogo yaliyo chini yake. Hapo ndipo jina la dawa yenyewe lilipo: Prozac ni fluoksetini, Zoloft ni sertralini, Cipralex ni esitalopramu.

Amitriptilini naiweka peke yake, kwa sababu wengi wanaoimeza hawajui kwamba ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 25 usiku, hutolewa kwa wenye kisukari ambao miguu yao inawaka moto au kuchomachoma, kwa wanaoishi na VVU wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa wenye kipandauso. Mtu huyo ukimuuliza kama anatumia dawa ya sonona atajibu hapana, na kwa jinsi anavyoelewa hajadanganya. Na hao hao ndio wanaosumbuliwa na fangasi kuliko watu wengine. Sukari ikiwa juu, fangasi hustawi ukeni, kwenye mikunjo ya ngozi na katikati ya vidole. Kinga ikishuka, utando mweupe hutanda mdomoni na kooni. Kama una kidonge kidogo unachokiita "cha miguu" au "cha usingizi", kasome jina lake leo, kabla hujaendelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Angalia fangasi iko wapi

Hapa ndipo tatizo kubwa huisha kabla halijaanza, kwa sababu fangasi nyingi hazihitaji kidonge kabisa.

Fangasi za miguuni, kinenani na zile za duara mwilini hupona kwa dawa ya kupaka: klotrimazoli, mikonazoli, terbinafini ya krimu, au marhamu ya Whitfield ambayo bado ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Paka kwa wiki 2 hadi 4, na usiache siku ngozi inapoonekana safi. Endelea kwa muda kidogo, maana watu huacha mapema, fangasi ikarudi, kisha wakaamini krimu haiwezi na wanahitaji vidonge. Kiasi cha dawa kinachopenya ngozi ni kidogo mno kufikia kugombana na dawa ya sonona. Mabaka meupe au ya kahawia ya kifuani na mgongoni huondoka kwa shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi, inayopakwa kwenye ngozi, ikaachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ikaoshwa.

Kwa fangasi ya ukeni, kidonge cha klotrimazoli cha kuweka ukeni usiku hutibu sawasawa na kidonge cha kumeza kwa wanawake wengi. Kipo cha miligramu 500 cha mara moja tu, na vipo vidogo vya siku kadhaa. Mjamzito ndiye hasa anayepaswa kutumia hiki badala ya kumeza. Kama fangasi hiyo inarudi kila baada ya muda mfupi, usiendelee kununua dawa ileile. Nenda ukapime sukari na VVU, na upimwe uchafu wenyewe, kwa sababu si kila muwasho ni fangasi.

Kwa utando mweupe wa mdomoni, nistatini ya matone ndiyo ninayoipendelea kwa mtu aliye kwenye dawa za sonona. Haifyonzwi kuingia kwenye damu. Hufanya kazi mdomoni na tumboni na kutoka. Jihadhari na jeli ya mikonazoli ya mdomoni. Inaonekana kama dawa ya kupaka tu, lakini sehemu yake humezwa na kuingia kwenye damu kiasi cha kuzuia vimeng'enya vya ini, yaani kemikali za mwili zinazovunja dawa. Mtu anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu kwa sababu ya jeli hiyo hiyo, kwa hiyo isichukuliwe kama peremende.

Zipo fangasi ambazo kwa kweli zinataka dawa ya kumeza au ya mshipani: mapunye ya kichwani, kucha zilizooza, fangasi iliyoteremka kwenye umio hadi kumeza chakula kunauma, na ile ya uti wa mgongo inayowapata watu wenye kinga iliyoshuka sana. Kama yako ni mojawapo, endelea na hatua inayofuata. Kama si mojawapo na bado umepewa vidonge, uliza kwa nini. Ni swali la haki kabisa, na mtaalamu mzuri halichukii.

Hatua ya 3: Soma mwisho wa jina la dawa ya fangasi

Kwenye boksi, majina ya kundi kubwa la vidonge vya fangasi huishia na "conazole": flukonazoli, ketokonazoli, itrakonazoli, vorikonazoli. Usichanganye na majina mengine yenye mwisho unaofanana nao. Albendazoli ni ya minyoo, metronidazoli ni ya bakteria na amiba, na omeprazoli ni ya asidi ya tumbo. Nje ya kundi hilo kuna vidonge vya terbinafini vinavyotumika kwa kucha, na griseofulvini ya mapunye.

Soma pia kilichomo ndani ya pakiti zenye dawa mchanganyiko. Zipo pakiti za kutibu uchafu wa ukeni ambazo ndani yake kuna flukonazoli, azithromaisini na seknidazoli pamoja. Mnunuzi huomba "ile pakiti" bila kujua kwamba amebeba dawa tatu, na mbili kati ya hizo, flukonazoli na azithromaisini, zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Kwa anayetumia sitalopramu au esitalopramu, pakiti hiyo si ya kununua bila kuuliza.

Kuhusu vidonge vya ketokonazoli, msimamo wangu hauna kona: usivimeze kwa ajili ya fangasi ya ngozi au kucha. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivyo visimamishwe kwa matibabu ya fangasi kwa sababu ya madhara kwenye ini, na mwaka huohuo mamlaka ya Marekani, FDA, ikavibana vitumike pale tu ambapo hakuna dawa nyingine. Mwaka 2016 FDA ililazimika kuonya tena, baada ya mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo kwa fangasi ya kucha kufariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Shampuu na krimu ya ketokonazoli ni jambo tofauti, hizo hazina shida hiyo.

Hatua ya 4: Linganisha jozi yako

Ini huvunja dawa kwa kutumia vimeng'enya, na vitatu vinatosha kwa kazi yetu: CYP2C19, CYP2D6 na CYP3A4. Vichukue kama milango ambayo dawa ya sonona huipitia ili kutoka mwilini. Karibu kila kidonge cha fangasi hufunga mlango wake. Flukonazoli hufunga CYP2C19 kwa nguvu na CYP3A4 kwa kiasi. Itrakonazoli na ketokonazoli hufunga CYP3A4 kwa nguvu. Vorikonazoli, ambayo hutumika zaidi hospitalini, hufunga CYP2C19 na CYP3A4. Terbinafini hufunga CYP2D6. Griseofulvini haifungi, yenyewe huharakisha kazi ya ini, kwa hiyo hofu yake ni dawa nyingine kupungua nguvu, na anayeonywa zaidi kuhusu hilo ni mwanamke anayetegemea vidonge vya uzazi wa mpango.

Flukonazoli pamoja na sitalopramu au esitalopramu ndiyo jozi ya kuheshimu kuliko zote kwa moyo. Dawa hizi za sonona hutoka kwa sehemu kubwa kupitia CYP2C19, mlango ambao flukonazoli imeufunga, hivyo kiwango chake hupanda. Zaidi ya hapo, pande zote mbili zinaweza kurefusha kipindi cha umeme wa moyo kinachoitwa QT, na kipindi hicho kikirefuka mno moyo unaweza kupoteza mpangilio wake ghafla. Mwaka 2011 FDA iliweka kikomo cha sitalopramu kuwa miligramu 40 kwa siku. Kwa watu waliozidi miaka 60, wenye ini lililodhoofika, au wanaotumia dawa inayofunga CYP2C19, kikomo ni miligramu 20. Flukonazoli ni mojawapo ya dawa hizo, na omeprazoli pia. Kuna pia wagonjwa waliowahi kuripotiwa kupata sumu ya serotonini, yaani kuzidi kwa kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi za sonona huipandisha, baada ya flukonazoli kuongezwa juu ya sitalopramu. Kama una jozi hii, omba dawa ya kupaka, au omba daktari apange dozi na kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, kabla.

Flukonazoli pamoja na amitriptilini ndiyo jozi utakayoikuta zaidi mitaani kwetu. Amitriptilini hugeuzwa na CYP2C19 kuwa nortriptilini, kisha zote mbili hushughulikiwa na CYP2D6. Flukonazoli ikifunga mlango wa kwanza, amitriptilini hubaki juu. Kwa anayemeza miligramu 10 au 25 usiku na ana moyo mzima, kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 kwa kawaida hakileti balaa. Huenda akasikia usingizi mzito na mdomo mkavu siku mbili tatu. Kwa anayemeza miligramu 75 au 100 na zaidi, au anayeanza flukonazoli ya kila siku kwa wiki kadhaa, hilo ni jambo la daktari, si la kaunta.

Terbinafini pamoja na amitriptilini, nortriptilini, imipramini au klomipramini ni jozi inayopuuzwa, nayo inanitia wasiwasi kuliko inavyozungumzwa. Terbinafini ya kucha humezwa miligramu 250 kila siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Katika utafiti kwa watu wenye afya, jumla ya desipramini kwenye damu, ambayo ndiyo imipramini hugeuka kuwa ndani ya mwili, iliongezeka mara tano walipopewa terbinafini, na wiki 4 baada ya kuiacha athari hiyo ilikuwa bado ipo. Paroksetini nayo hupanda ikiwa na terbinafini. Sasa fikiria mwenye kisukari, umri miaka 65, amitriptilini ya miguu kila usiku, kucha za vidole gumba zimeharibika, naye anaanzishiwa terbinafini ya miezi mitatu bila mtu kuuliza. Kucha inaweza kusubiri. Hakuna dharura yoyote katika kucha inayozidi mapigo ya moyo wake, na yapo matibabu ya kupaka kwenye kucha, japo ni ya polepole.

Anayetumia fluoksetini ana mazingira tofauti kidogo. Dawa hii yenyewe hufunga CYP2D6, na huchukua wiki kadhaa kutoka mwilini, hivyo kiwango chake hakiruki kwa siku moja. Flukonazoli inaweza kukipandisha taratibu. Tatizo kubwa ni pale mtu anapopewa fluoksetini na amitriptilini pamoja, moja kwa ajili ya sonona na nyingine kwa usingizi au maumivu, kisha ikaongezwa flukonazoli. Hapo fluoksetini imefunga CYP2D6, flukonazoli imefunga CYP2C19, na amitriptilini imebanwa pande zote.

Mirtazapini na trazodoni hutegemea CYP3A4, kwa hiyo wasiwasi wao ni itrakonazoli na ketokonazoli. Kwa mirtazapini, ketokonazoli iliongeza jumla ya dawa kwenye damu kwa karibu nusu. Usingizi utakuwa mzito zaidi. Mwendesha bodaboda na dereva wa lori wasilichukulie hilo kwa wepesi. Venlafaksini nayo hupanda kwa ketokonazoli na kwa terbinafini, na ukilazimika kuzichanganya shinikizo la damu lipimwe mara kwa mara.

Sertralini ndiyo rahisi kuliko nyingi. Huvunjwa na vimeng'enya kadhaa, hivyo mlango mmoja ukifungwa mingine ipo. Bado mfahamishe daktari, hasa kama dozi ni kubwa. Hapa kuna jambo la Uganda linalostahili kutajwa: sertralini ilionekana maabara kuua fangasi ya kriptokokasi inayosababisha homa ya uti wa mgongo, na watafiti wa Kampala na Mbarara wakaijaribu kwa wagonjwa 460 waliokuwa wakipewa pia amfoterisini, dawa ya fangasi ya mshipani, na flukonazoli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: haikuokoa maisha zaidi ya matibabu ya kawaida. Kwa hiyo mtu akikuambia umeze dawa ya sonona kutibu fangasi, jibu limeshapatikana, na limepatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Hatua ya 5: Hesabu vitu vinavyoongeza hatari kwako

Jozi moja inaweza kupita salama kwa kijana na kumwangusha mzee. Jiulize kama umezidi miaka 60, kama una ugonjwa wa moyo, au kama katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Kuhara na kutapika hupunguza potasiamu, na vidonge vya kukojoza vya shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo. Amfoterisini inayochomwa hospitalini hupunguza potasiamu pia, na potasiamu ikishuka QT hurefuka kwa urahisi.

Kisha hesabu dawa nyingine ulizo nazo wiki hii. Kwinini, erithromaisini, azithromaisini, domperidoni ya kichefuchefu na haloperidoli zote hugusa QT, na dawa mseto ya malaria nayo inaweza kuongeza kidogo. Mtu aliyepata malaria katikati ya matibabu ya flukonazoli huku anatumia esitalopramu amefikisha dawa tatu zenye tabia hiyo bila kukusudia. Tramadoli ya maumivu huongeza serotonini juu ya ile iliyopandishwa na dawa ya sonona. Kama unatumia pia diazepamu, alprazolamu, kwetiapini au kabamazepini, zitaje, kwa sababu vidonge vya fangasi huvigusa hivyo navyo, wakati mwingine kwa nguvu kuliko dawa ya sonona yenyewe. Wanaotumia dawa za VVU na za kifua kikuu wapitie kwanza kliniki yao. Nevirapini ya VVU hupandishwa na flukonazoli, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha flukonazoli.

Hatua ya 6: Sema, tena kwa maneno kamili

Najua kinachowazuia watu. Duka limejaa, jirani yuko nyuma yako, na hutaki asikie neno sonona. Basi usiliseme. Andika majina na dozi kwenye simu au karatasi, mkabidhi mfamasia, useme kwa sauti ya kawaida:

"Samahani dada, hizi ndizo dawa ninazotumia kila siku. Hii ya fangasi inagombana na yoyote hapo?"

Akijibu bila kuangalia karatasi, rudia swali au nenda duka lingine. Kumbuka maduka ya dawa muhimu si famasi kamili, na muuzaji wake huenda hakusomea mambo haya kwa kina. Tafuta famasi yenye mfamasia, au mfamasia wa hospitali.

Kliniki nako useme upande wa pili. "Shikamoo daktari. Nimepata fangasi ya kucha, nimeambiwa nitumie terbinafini miezi mitatu. Na amitriptilini hii nifanyeje?" Swali la namna hiyo humpa daktari kila anachohitaji: dawa, dozi, muda. Anaweza kuchagua dawa ya kupaka, kupunguza dozi ya dawa ya sonona kwa muda, kupanga ECG, au kusema endelea na uje baada ya wiki moja. Mwambie pia kila ulichonunua mwenyewe, pamoja na dawa za mitishamba.

Mambo mawili usiyafanye kwa uamuzi wako. La kwanza ni kuacha dawa ya sonona ili upishe ya fangasi. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, kukosa usingizi na hisia kama shoti kichwani, na sonona yenyewe inaweza kurudi ikiwa kali kuliko fangasi yoyote ya ngozi. Mawazo ya kujidhuru yakianza kurudi, mwambie mtu wa karibu na nendeni hospitali siku hiyohiyo. La pili ni kuzitenganisha kwa saa, moja asubuhi nyingine usiku, ukidhani umezizuia zisikutane. Kutenganisha saa husaidia kwa dawa zinazozuiana tumboni. Hizi hukutana kwenye ini, na flukonazoli huchukua takriban saa 30 kupungua nusu tu, hivyo asubuhi na usiku kwake ni mamoja.

Hatua ya 7: Chunga siku za mwanzo

Kama mmekubaliana na daktari kwamba utameza zote mbili, andika tarehe ya kuanza kwenye daftari la kliniki na mwambie mtu mmoja nyumbani. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangalia kwa makini, na kwa terbinafini angalia muda wote wa matibabu.

Dalili za amitriptilini na ndugu zake kuzidi ni mdomo kukauka sana, macho kutoona vizuri vitu vya karibu, choo kufunga, mkojo kugoma kutoka, usingizi usio wa kawaida na moyo kwenda mbio. Kwa wazee, kuchanganyikiwa na kuanguka wakisimama ndiyo mara nyingi dalili ya kwanza, na familia hudhani ni uzee. Hapo piga simu au nenda kliniki siku hiyo.

Serotonini ikizidi, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huhara, hahangaiki tu bali hawezi kutulia, misuli hushtuka au kukakamaa hasa miguuni, na joto hupanda. Watu huiona homa hiyo wakaanza dawa ya malaria. Pima malaria kwa kipimo, lakini mwambie anayekupima kuhusu dawa zote mbili.

Kuzimia, moyo kuruka mapigo, degedege, au joto kali pamoja na kukakamaa hakusubiri asubuhi. Nenda hospitali ukiwa na maboksi ya dawa zote mkononi, na usimeze dozi inayofuata ya dawa yoyote kati ya hizo mbili hadi umeonwa. Macho kuwa ya njano na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi ni dalili ya ini. Acha kidonge cha fangasi na uonwe siku hiyo.

Madhara makubwa yaripotiwe. Tanzania yapo mikononi mwa mamlaka ya dawa, TMDA, Kenya ni bodi inayosimamia famasia na sumu, Uganda ni mamlaka ya dawa, NDA. Mhudumu aliyekuona anaweza kutuma taarifa, mwombe afanye hivyo.

Hatua ya 8: Usidhani yameisha siku ya kidonge cha mwisho

Flukonazoli huendelea kuzuia vimeng'enya kwa siku 4 hadi 5 baada ya kidonge cha mwisho. Itrakonazoli huchukua wiki 1 hadi 2 kutoka kwenye damu. Terbinafini hukaa kwenye mafuta, ngozi na kucha, na athari yake kwenye CYP2D6 inaweza kudumu wiki nyingi. Kwa hiyo usianzishe dawa mpya ya sonona, wala usipandishe dozi, mara tu baada ya terbinafini bila kumkumbusha daktari tarehe uliyoimaliza.

Lipo pia la upande mwingine. Kama daktari alipunguza dawa yako ya sonona kwa sababu ya kidonge cha fangasi, mlango ukifunguka tena ile dozi ndogo haitatosha. Usingizi unaanza kupotea, machozi yanakuwa karibu, miguu inarudi kuwaka, na mtu hafikirii kabisa kwamba inahusiana na fangasi iliyopona mwezi uliopita. Siku daktari anapopunguza dozi, mwulize papo hapo ni lini itarudishwa, na hiyo tarehe iandikwe kwenye daftari kabla hujatoka chumbani.